Naeku na Maboma Yaliyofunikwa Majina

Kibuyu kilirudi kitupu. Hapo ndipo kila mtu nyumbani kwa Yiamat alipojua kwamba ndoa ya Soila imeingia mdudu.

Huku upande wa magharibi wa mlima Meru, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu utaweka konzi ya maharage, utaweka ndizi mbili, utaweka hata chumvi kidogo kwenye jani. Chombo kikirudi kikavu, basi kimebeba maneno. Na hicho hakikuwa kibuyu cha hivi hivi. Mama yake Soila alikitia shanga kwa mkono wake, akakifukiza kwa kijinga cha oloirien, ule mti wa harufu nzuri, akakijaza maziwa ya mgando na kukipeleka kwa kina Lerionka, mchumba wake Soila, siku uchumba ulipokubaliwa. Tangazo la ndoa lilikwisha kusomwa usharikani Jumapili mbili. Jumapili ya tatu mzee wa kanisa akasoma matangazo yote, la ujenzi, la kwaya, la kikao cha akina mama, akakunja karatasi yake akakaa. Jina la Soila hakulisoma. Kesho yake asubuhi kibuyu kikakutwa mlangoni. Aliyekileta hata hodi hakupiga.

Aliyekituma ni Koko Tabea, bibi yake Lerionka, na sababu hakuificha. Aliisema sokoni Ngaramtoni huku akichagua viazi: damu ya kina Lemomo inapindisha miguu. Watu wa utafiti wamepima, kompyuta imesema, na yeye hatapeleka damu hiyo kwa vitukuu vyake.

Lemomo ni babu yake Soila upande wa baba, marehemu siku nyingi, mzee aliyeheshimika. Kusikia jina lake likitupwa sokoni katikati ya viazi kuliwauma. Lakini kilichowauma zaidi ni kwamba kompyuta hiyo haikuwa ya mtu wa mbali. Ilikuwa ya Naeku, dada yake Soila, wa tumbo moja.

Naeku ndiye mtoto wa kwanza wa Yiamat. Alizaliwa alfajiri, ndiyo maana ya jina lake, na tangu ajue kusema hakulikubali jambo mpaka aligeuze aone upande wa chini. Maji ya huku yanashuka mlimani yakiwa mazuri kwa macho, maangavu, ya baridi, lakini yamebeba floraidi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia na kwa wengine yanaingia hadi kwenye mifupa. Naeku alikunywa maji hayo pamoja na mdogo wake Loishiye. Mfereji mmoja, ndoo moja, kikombe kimoja cha bati. Naeku akatoka na meno ya kahawia, basi. Loishiye akatoka na matege, miguu imejikunja kama upinde, hata kusimama kwake kulikuwa kazi ya kujishika ukuta.

Naeku alimbeba mgongoni kwenda shule ya Jumapili. Siku moja njiani akamuuliza mama yake, "Yeyo, kwa nini yeye na siyo mimi?"

"Mungu anajua."

"Na mimi nitajua lini?"

Alipigwa kofi la mdomo kwa jibu hilo, na haki yake. Ila swali halikutoka. Swali hilo ndilo lililomsomesha. Wenzake walisoma wapate kazi. Yeye alisoma kama mtu anayemdai mwenzake na hajamwona bado. Nyumbani walitegemea atarudi na koti jeupe la daktari. Akarudi akawaambia yeye ni mtakwimu.

"Mtakwimu ndiyo nani?" Yiamat akauliza.

"Anayehesabu, baba, na kupima kama hesabu inasema kweli au inasema kwa bahati tu."

"Miaka yote hiyo, kuhesabu! Si ungekaa na wale akina mama wa nyanya?"

Lakini jioni ile ile alipita kwa jirani kuomba kiberiti ambacho hakukihitaji, ili aseme tu kwamba binti yake ni mtakwimu.

Naeku akapata kazi katika kituo cha utafiti mjini Arusha, akapanga chumba Moshono. Na kituo hicho ndicho kilichokuja kijijini kwao kuchukua damu. Walitaka kuona vinasaba, ule urithi mtu anaopewa na baba na mama, wajue kwa nini maji yale yale yampinde huyu na yamwache yule. Watu walitoa mikono. Boma kwa boma walitoa, na kila boma likaandikwa peke yake, kwa sababu watu wa boma moja wanashirikiana damu na wanashirikiana maji.

Sasa hapa pana jambo la kuelewa. Vinasaba vya mtu ni vingi kuliko watu wa kata nzima. Kila kimoja kiliulizwa: wewe unatembea pamoja na matege? Na kiliulizwa katika boma la kwanza, kikaulizwa katika la pili, kikaulizwa mpaka maboma yakaisha. Ukiuliza maswali mengi namna hiyo, lazima wapo watakaoitika ambao hawakuitwa. Siyo kwamba wana hatia. Ni bahati tu, kama vile ukipiga kelele jina lolote sokoni, haikosi mtu atageuka.

Naeku alilijua hilo. Jedwali lake la kwanza lilikuwa na vinasaba vingi vilivyoitika, na kimoja katika boma la Lemomo kiliitika kwa sauti kuliko vyote. Aliandika juu kabisa: bado halijachujwa. Akamkabidhi mkuu wa utafiti, Daktari Abdiel.

Daktari Abdiel ni mtu wa Kilimanjaro, mtu mwema, mcheshi, ana ugonjwa mmoja: hawezi kukaa mbele ya watu walionyamaza. Alipanda kijijini kusalimia na kuomba subira. Wazee wakamkalisha katika ukumbi wa usharika, wakampa chai, wakamwangalia. Mzee mmoja akasema, "Daktari, ulichukua damu yetu ukaondoka nayo. Umerudi. Mkononi una nini?"

Alipaswa kujibu kwamba hana kitu bado. Lakini walikuwa wamenyamaza wote, na chai ilikuwa nzuri, na ulimi ukamponyoka. "Kuna boma moja la huku juu ya mfereji," akasema, "kinasaba chao kimejitokeza sana. Siwezi kutaja."

Siwezi kutaja! Maboma ya juu ya mfereji siyo mengi, na mwenye matege anayejulikana na kila mtu ni Loishiye, anayekaa Ngaramtoni chini ya mwavuli akiziba pancha za pikipiki. Kabla chai haijapoa vikombeni, boma lilikwisha tajwa.

Soila alimpigia dada yake simu. Hakulia. Sauti yake ilikuwa kavu kama kile kibuyu. "Dada," akasema, "umetufanya nini?"

Naeku akapanda nyumbani Jumamosi ile. Akakuta mama yake anasonga loshoro, kile chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, bila kusema neno, na kibuyu kimetundikwa ukutani palepale kilipotundikwa siku zote, kana kwamba hakijaenda popote. Soila alikuwa nje anafua. Yiamat alikaa kwenye kigoda, fimbo kati ya magoti.

"Ni kweli?" akauliza.

"Sijui, baba."

"Hujui? Kompyuta ni yako!"

"Ile ilikuwa hesabu ya kwanza. Tuliuliza kila kitu kwa wakati mmoja, na kelele zikawa nyingi. Nitaiuliza upya, kwa utaratibu."

Loishiye, aliyekuwa amekaa mlangoni na miguu yake ameikunja chini, akacheka. "Mnahangaika nini? Kinasaba si mimi hapa? Nipakieni kwenye chupa mnipeleke maabara."

"Nyamaza wewe," mama yake akasema, na ilikuwa sauti yake ya kwanza siku hiyo.

Yiamat akamgeukia Naeku. Alisema polepole, kama mtu anayechagua mahali pa kukanyaga. "Mwanangu, wewe ndiye unayeishika hesabu. Sasa iweke sawa. Soila ni mdogo wako. Uiweke sawa, yaishe."

Soila alikuwa ameacha kufua. Maji yalikuwa yanadondoka mikononi mwake na hakuyafuta.

Naeku akajibu, "Baba, nikiiweka sawa, haitakuwa hesabu tena. Nitaiuliza kwa haki. Na lolote litakalotoka nitalisema mbele ya watu, hata likitutaja sisi."

"Hata likimharibia huyu?"

Naeku alimtazama mdogo wake. Ni yeye aliyemfundisha kusuka nywele, ni yeye aliyemfundisha kusoma. "Hata hivyo," akasema.

Soila akarudi kwenye beseni lake. Yiamat hakumsindikiza Naeku alipoondoka, na Naeku aliteremka njia ile peke yake akijua kwamba amekwisha ahidi jambo ambalo huenda likamfukuza nyumbani.

Utaratibu aliouwaza ulikuwa wa vitabuni, watu wa vinasaba wanautumia dunia nzima. Ila yeye aliuelewa mapema kuliko wenzake darasani, kwa sababu aliwahi kuuona nyumbani. Huku kikipotea kitu kikubwa, ng'ombe au mtoto, wazee wanaweza kuvunja chungu. Chungu kikivunjwa, laana haimfuati mwizi peke yake, inaingia kwa ndugu zake wote mpaka waliomo tumboni. Kwa hiyo hawakurupuki. Hawamkamati kijana mmoja mmoja na kumwuliza ulikuwa wapi, maana kati ya vijana wote hakosekani aliyelala nje siku hiyo kwa mambo yake mwenyewe, na akibanwa atababaika, na kubabaika siyo kuiba. Wanauliza kwanza ukoo mzima: jambo hili ni letu, au limetoka nje? Ukoo ukikubali kwamba ni letu, linaulizwa boma. Boma linakaa peke yake, linasemezana, kisha mkubwa wao anasimama na kusema, kwangu hakuna, au, kwangu kuna neno. Boma likisema kuna neno, hapo ndipo wanaingia ndani kuuliza mtu. Lililosema hakuna, halikanyagwi.

Hivyo ndivyo Naeku alivyopanga. Kwanza atauliza kijiji kizima pamoja: je, urithi una sehemu yoyote katika matege haya? Kikiitika, atauliza kila boma kama boma, ushahidi wa vinasaba vyake vyote umewekwa kwenye mzani mmoja. Boma litakaloitika ndilo atakaloingia. Na kwa kila ngazi aliweka mstari wa kuvukwa, na kwa kuwa maboma ni mengi aliupandisha, kama unavyopandisha uzio mbuzi wakiwa wengi. Mstari huo aliuweka kabla hajaona kitu, Daktari Abdiel akiwa shahidi.

Halafu akamwita mwenzake wa ofisini, Ephraimu, kijana wa Kibosho anayekaa Engutoto.

"Yafunike majina," akamwambia. "Maboma yape namba, vinasaba navyo vipe namba mpya. Uchanganye. Mimi nisijue kwetu ni namba ngapi."

"Ukiniuliza baadaye?"

"Usiniambie."

"Ukinipikia?"

"Hata nikikupikia."

"Dada Naeku," Ephraimu akasema, "wewe ungekuwa padri ungewanyima watu komunyo mpaka upime mvinyo." Lakini alifanya alivyoambiwa, na ufunguo wa majina akakaa nao yeye.

Hesabu ilikwisha mchana mmoja wakati wa chakula. Ephraimu alikuwa na chapati na maharage mezani, Daktari Abdiel amesimama nyuma na kikombe. Kijiji kiliulizwa, kikaitika. Ndiyo, urithi upo, mdogo, umetawanyika kila mahali kama chumvi kwenye mchuzi, na maji yanauzidi kwa mbali. Naeku akavuta pumzi akauliza maboma.

Hakuna boma lililovuka mstari. Hata moja. Lile la namba kumi na tisa lilifika karibu kabisa kuuvuka, likabaki chini yake kidogo tu.

Ephraimu akaacha kutafuna. Yeye peke yake ndiye aliyejua kumi na tisa ni nani, na Naeku alimtazama usoni kabla hajajizuia. Uso wa Ephraimu ulikuwa umeinamia maharage.

"Limekosa kwa unywele," Daktari Abdiel akasema taratibu. "Tukishusha mstari kidogo tu, tuna kitu cha kuandika. Wafadhili wanauliza."

"Tukiushusha kwa ajili ya kumi na tisa, tumekwisha lihukumu kabla ya kuliita," Naeku akasema.

"Linaweza kuwa siyo lenu."

"Ndiyo. Na linaweza kuwa letu. Ndiyo maana siushushi, siupandishi."

Daktari akanywa chai yake yote bila kusema, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwisho akasema, "Kosa la kule juu ni langu. Nitapanda na wewe."

Ephraimu akauliza bila kuinua macho, "Dada, nikuambie?"

Naeku aliifunga kompyuta. Maisha yake yote alitaka kujua. Sasa jibu, au kipande chake, kilikuwa upande wa pili wa sahani ya maharage.

"Kula," akasema. "Yanapoa."

Ukumbi wa usharika ulijaa siku walipopanda. Kina Lerionka walikaa upande wa dirisha, kina Lemomo upande wa mlango, na katikati palibaki benchi ambalo hakuna aliyetaka kulikalia. Soila alikaa karibu na mama yake, kitenge kimefungwa mpaka kidevuni. Lerionka alikuwepo, kijana mrefu, mpole, asiyejua aweke wapi macho.

Daktari Abdiel alisimama wa kwanza. Mkononi alikuwa na jani la sale. Kwao Kilimanjaro, anayekuja na jani hilo amekuja kuomba radhi, na anayeombwa hawezi kukataa. "Nilisema neno kabla halijaiva," akasema. "Halikuwa kweli. Ninawaomba radhi, kwanza kina Lemomo."

Koko Tabea hakusimama. Alikuwa amekaa mbele kabisa, mkongwe, shingo imenyooka, shuka limefunika magoti hadi chini. "Jani hilo ni la kwenu huko, baba," akasema. "Sisi tunaombana kwa nyasi zinazoota hapa. Lakini kaa, umeshasikika. Huyo binti ndiye aseme."

Naeku akamwinamia kumsalimia kwa heshima. "Takwenya, koko."

"Iko," bibi akaitikia salamu. "Sema."

Akasema. Akaeleza juu ya ukoo na boma na mtu, akaeleza kama wazee wanavyouliza kabla ya kuvunja chungu, na wazee wakaanza kutikisa vichwa kukubali kwa sababu jambo lilikuwa lao. "Kijiji kimeitika," akamaliza. "Maboma hayakuitika. Urithi upo kwa wote, kidogo kidogo, na hauna jina la mtu. Kikubwa ni maji."

Kisha Koko Tabea akacheka kicheko kifupi.

"Huyu ni wa Lemomo," akawaambia watu, bila kumtazama Naeku. "Ametumwa kumpima baba yake, amerudi anasema baba mzima. Mlitaka aseme nini? Mimi kusoma sikusoma, lakini jicho ninalo. Binti, boma lenu lilisema nini?"

"Silijui, koko."

"Hulijui boma ulilozaliwa?"

"Kwenye hesabu silijui. Niliomba majina yafunikwe. Yanajulikana na huyu," akamwonyesha Ephraimu, "na hajaniambia mpaka leo. Niliyapima maboma yote sawa, kwetu na kwenu, kwa macho yaliyofungwa."

"Basi fungua!" Koko Tabea akagonga fimbo sakafuni. "Hapa hapa. Fungua tuone kama ulikuwa umefunga kweli."

Upande wa dirisha ukaitikia: fungua, fungua. Hata upande wa mlango walikuwepo waliosema fungua, maana walikuwa wamechoka kuangaliwa. Ephraimu alisimama, jasho limemtoka, akamtazama Naeku.

Naeku akamtazama Soila. Soila alikuwa anamtazama yeye, macho makavu. Kisha Soila akatikisa kichwa mara moja. Ilikuwa ndiyo. Sema utakalosema.

"Nitafungua," Naeku akasema. "Lakini nikifungua boma moja nitakuwa nimelichagua, kama mlivyolichagua sokoni. Nitafungua yote. Kila boma lililotoa damu litasikia hapa namba yake. Lipo lililofika karibu na mstari kuliko mengine, la kumi na tisa. Halikuvuka, kwa hesabu halina neno. Lakini litatajwa na ninyi mtalishika, nawajua. Linaweza kuwa la baba yangu. Linaweza kuwa la yeyote aliyekaa humu na binti wa kuoza au kijana wa kuoa. Nianze wapi? Dirishani au mlangoni?"

Benchi likalia mahali fulani.

"Anza popote!" Loishiye akapaza sauti kutoka mlangoni. "Miguu yangu mmeshaihesabu wote, hata wasiojua kuhesabu. Leo na mimi nipate kuhesabu ya wengine."

Wachache walicheka, kicheko cha koo. Wengine walianza kujiangalia. Mama mmoja alivuta gauni la mtoto wake lifunike goti. Mzee wa kanisa, yule aliyeruka tangazo, alikumbuka ana kikohozi. Na Koko Tabea, mkono wake uliteremka taratibu ukalivuta shuka, likafunika hata vidole vya miguu. Watu wote walijua magoti yake hayakunyooka. Walikuwa wakisema ni uzee. Lakini wale waliokua naye walijua hayakunyooka tangu akiwa msichana, na hakuna aliyewahi kulisema, kwa sababu alikuwa Tabea.

Kisha akasema, sauti ikiwa ile ile, haikupungua hata kidogo, "Boma langu mimi halifunguliwi mbele ya watu kama debe la sokoni."

"Basi na la Lemomo lisifunguliwe," Yiamat akasema kutoka upande wa mlango.

"Nani amesema lifunguliwe?" Koko Tabea akasema, na aliposema hivyo alikuwa amekwisha simama na kushika fimbo yake. Akatoka, na watu wakampisha njia.

Haikupita wiki akapanda kwa Yiamat. Hakumtuma mtu. Mlima ule unamchosha hata kijana, na yeye aliupanda akipumzika kwenye kila jiwe, shuka limemfunika hadi chini. Naeku alikuwa nyumbani, alimwona kwa mbali na hakuthubutu kwenda kumshika mkono.

Alifika, akasalimiwa, akakataa kiti. "Nipeni kile kibuyu," akasema. "Kilirudi kabla hakijajazwa. Wajukuu zangu hawana akili."

Mama yake Soila alikitungua akampa. Lakini Soila alisimama mlangoni, akaziba njia.

"Koko, nina jambo moja."

"Sema."

"Watoto wangu hawatakunywa mfereji. Liwekwe simtank la maji ya mvua kabla sijaingia kwenu. Na watoto wote wa boma wanywe hapo, siyo wangu peke yao."

"Unanipa masharti mimi?"

"Ndiyo, koko."

Bibi na msichana wakatazamana. "Ulimi huo umeupata kwa dada yako," Koko Tabea akasema. "Pisha nipite."

Kibuyu kilirudi siku ya tatu, kimejaa maziwa mpaka shingoni, na mdomo wake umezibwa kwa nyasi mbichi zilizong'olewa asubuhi ile, bado zina umande. Siku hiyo hiyo lilionekana gari likipanda na simtank jeusi mgongoni kuelekea kwa kina Lerionka.

Jumapili tangazo la tatu likasomwa. Mzee wa kanisa alilisoma kwa sauti kubwa kupita ilivyohitajika. Naeku alikuwa amekaa nyuma kabisa na Loishiye, amemsogezea benchi ili anyooshe miguu kadiri inavyonyooka. Yiamat aligeuka mara moja kutoka mbele akamtazama binti yake, akageuka tena. Kwa Yiamat hayo yalikuwa maneno mengi.

Wimbo ulipoanza Loishiye akainama sikioni kwake. "Kumi na tisa. Hukumuuliza yule Ephraimu wa Kibosho?"

"Sikumuuliza."

"Wewe! Ambaye ulipigwa kofi kwa kuuliza."

"Sikumuuliza, Loishiye."

Loishiye alikaa akiangalia miguu yake. Kisha akamshika bega dada yake, akajivuta juu mpaka akasimama, kwa kuwa watu wote walikuwa wamesimama kuimba. "Basi na mimi usije ukaniambia," akasema, na hakuliachia bega mpaka wimbo ulipokwisha.